Kamba mahali pa chuma: siku zetu Paje



Juma hili hatuleti mapishi wala shauri la malaria. Tunawapeleka Paje, kijiji cha pwani ya kusini mashariki ya kisiwa cha Unguja, Zanzibar, mahali ambapo wanawake wanalima ndani ya bahari, na karibu yao watu wengine wanavutwa juu ya maji na tiara kubwa kuliko paa la jiko. Tulikwenda wanne wakati wa likizo kubwa: walimu wawili, mama mmoja mshonaji na mama mmoja muuza ndagala. Kila mmoja alijilipia safari kwa zamu yake ya likelemba. Tunalisema hili mapema ili mtu asiulize sanduku la kikundi limekwenda wapi.

Njia ni ndefu. Kutoka Uvira tulivuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura, tukafuata ziwa hadi Kigoma, kisha tukapanda basi la Dar es Salaam. Kutoka Kigoma peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200, na migongo yetu ilizihesabu zote. Boti ya Dar hadi mjini Unguja ni kama saa mbili tu. Toka mjini, daladala inapita kando ya msitu wa Jozani, wanakoishi kima punju, nyani wekundu wasiopatikana popote duniani isipokuwa Zanzibar. Halafu barabara inateremka, miti inafunguka, na bahari iko mbele yako nyeupe na ya kijani, kana kwamba mtu amemwaga maziwa ndani yake.

Sisi watu wa ziwa Tanganyika hatujui maji kujaa na kupwa. Maji yetu asubuhi yako pale yalipolala. Huko bahari inaondoka mara mbili kwa siku, inaacha mchanga mtupu hadi karibu na mwamba wa matumbawe ulio mbali, kisha inarudi. Siku za mwezi mpya na mwezi mpevu inaondoka mbali zaidi. Wao wanaziita bamvua. Siku hizo ndizo za wanawake wa mwani. Wanatoka na kamba na vigingi, wanapanda mashamba yao mchangani, na maji yanapofika kiunoni wanarudi. Kilimo hicho cha mwani wa kuuza kilianza Zanzibar mwaka 1989, na Paje ni mmoja wa vijiji vya kwanza. Mwani uliokaushwa unapelekwa ng'ambo, unatolewa kitu cha kuzitia uzito dawa ya meno, aiskrimu na dawa nyingine. Wengi wa wakulima ni wanawake. Siku hizi maji yamekuwa ya moto kuliko zamani, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa. Wamama wengi wamebaki na ile ya bei ndogo.

Maji yakisharudi, yakawa ya kifuani, zinaingia tiara. Kuna misimu miwili ya upepo: kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na kusi, kuanzia Juni hadi Septemba. Tulifika katikati ya kusi. Upepo ulikuwa sawasawa mchana kutwa, bila kupumua. Mchezo wenyewe wanauita kaiti. Mtu anasimama juu ya ubao, tiara ya kitambaa ya mita za mraba 7 hadi 12 iko angani, nyuzi zenye urefu wa mita 20 na zaidi zinateremka hadi kwenye mpini alioushika. Tiara ya namna hiyo, yenye mirija inayojazwa hewa ili isizame ikianguka majini, ilibuniwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliojiandikishia haki yake mwaka 1984. Mwaka 2024 mchezo uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mbio zikafanyika baharini Marseille, na medali ya dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Ellie Aldridge wa Uingereza.

Mama muuza ndagala aliuliza swali ambalo sisi walimu hatukulifikiria. Alisema: mtu huyu anavutwa na kitu kikubwa hivi saa nzima, mikono yake haikatiki?

Jibu ndilo lililotufanya tuandike. Mikono haivuti. Nyuzi mbili za katikati, zinazobeba sehemu kubwa ya nguvu, zinapita katikati ya mpini na kuishia kwenye kitanzi kigumu. Kitanzi hicho kinaingizwa katika kulabu ya chuma iliyo mbele ya mkanda mpana wa kiunoni. Kwa hiyo tiara inavuta kiuno na mgongo. Mikono inaelekeza tu. Wamama wenzetu wanaobeba makala na mihogo toka milimani kuja sokoni Uvira, kamba ikiwa imekaa kwenye paji la uso, wanajua habari hii bila kufundishwa: mzigo si kilo tu, ni mahali unapoukalisha mwilini.

Nyumba tuliyolala ilikuwa ya mkulima wa mwani, shemeji wa binamu wa mmoja wetu. Binti yake, msichana wa miaka ishirini na kitu, anafanya kazi katika shule moja ya kaiti pale ufukweni. Anaogelea vizuri, anavaa suruali ndefu na mikono mirefu na kitambaa cha kichwa cha kuogelea, na kazi yake ni kuwafuata wanafunzi waliosukumwa mbali na upepo na kurudisha mbao zao. Kila jioni alitusalimu “Shikamoo mama” mmoja mmoja, wote wanne, na sisi kila jioni tulichelewa kujibu “Marahaba”, maana kwetu tumezoea “Jambo mama” na inaishia hapo. Usiku wa tatu mama mshonaji alimwona akigeuka kitandani kwa taabu. Alikuwa na alama mbili za kijani na nyeusi chini ya mbavu, moja kila upande.

Mkanda wake alikuwa ameachiwa na mtalii, wa mitumba, mkubwa kidogo kwake. Mpya anaouona dukani ni mshahara wa mwalimu wa kwetu wa miezi kadhaa, na mshahara huo mnaujua. Lakini ukubwa haukuwa tatizo lote. Alituonyesha kwa mikono. Kulabu iko mahali pamoja, katikati ya tumbo. Yeye akienda kuwafuata watu anapanda kinyume cha upepo, mwili unatazama mbele, tiara iko pembeni. Tiara inapovuta kutoka pembeni, inaivuta kulabu, kulabu inageuza chuma chote, chuma kinageuza mkanda, mkanda unapanda na kukaa juu ya mbavu. Saa tatu kwa siku, siku sita kwa juma.

Wachezaji wa mawimbi wana dawa yao. Wanaondoa kulabu, wanaweka kamba. Kamba inafungwa kutoka ncha moja ya kile chuma cha mbele hadi ncha nyingine, na kitanzi cha tiara kinavalishwa kwenye kamba, moja kwa moja au kwa pete ya chuma. Tiara ikienda kulia, kitanzi kinateleza kulia. Ikienda kushoto, kinafuata. Mkanda unabaki umetulia kiunoni. Binti aliitaka kamba hiyo tangu mwaka uliopita. Aliyekataa ni mama yake.

“Palipokuwa na chuma unaweka uzi,” alisema, “halafu unakwenda kwenye mwamba.” Mama huyo amesokota kamba toka utoto. Walikuwa wakizika makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani miezi kadhaa, wanayafukua, wanayatwanga, wanasokota nyuzi kwa viganja. Anajua kamba inakufaje. Hatukuona kwamba ni ushamba. Tuliona kwamba mtu mwenye ujuzi ameuliza swali linalotakiwa.

Basi tukaenda wote kwa fundi wa tiara, kijana mwenye kibanda na mashini ya kushona nyuma ya nyumba za wageni. Kamba aliyotoa si ya katani wala ya makumbi. Ni ya nyuzi za plastiki za namna ya pekee, wengi wanaziita Dyneema, nyeupe, laini kama sabuni.  Kwa uzito ule ule ina nguvu kuliko waya wa chuma, hainywi maji na inaelea. Ina tabia mbaya mbili. Haipendi moto wala kusuguliwa mahali penye makali. Na kwa kuwa inateleza, fundo la kawaida linajifungua lenyewe; hata likishika, fundo linaweza kuipunguzia kamba hii karibu nusu ya nguvu. Kwa sababu hiyo mafundi wazuri hawapendi kuifunga tu. Wanaifungua katikati, wanachomeka ncha ndani ya tumbo la kamba yenyewe, kirefu, ili ikivutwa ijibane. Penye fundo la kuzuia wanaacha mkia mrefu.

Mama mshonaji alikuwa ameshapiga magoti juu ya mkanda. Alitazama mishono inayoshika chuma, akakuta mahali pawili uzi umeoza. Akauliza ni uzi gani. Alipoambiwa mtalii aliwahi kuurekebisha kwa uzi wa pamba, hakusema neno, akautoa wote kwa wembe. Akashona upya kwa uzi wa poliesta wa fundi, mwendo wa kwenda na kurudi, mistari iliyobanana, kama tunavyoshona mikanda ya mikoba ya watoto wa masomo pale inapokatika kila mwaka. Kamba nzuri juu ya mshono uliooza ni bure.

Sasa urefu. Hapa sisi walimu tulipata kazi. Binti alitaka kamba ibane kabisa ili mpini usiende mbali na mikono. Fundi alikataa, akaweka ngumi yake kati ya kamba na chuma, akasema nafasi ni hiyo. Hakuweza kusema kwa nini, alifundishwa hivyo. Sababu mnaweza kuiona wenyewe nyumbani. Chukueni bidoni ya litre 20 iliyojaa, iningʼinizeni katikati ya kamba, watu wawili wavute ncha. Kamba ikiteremka vizuri, wanaiweza. Waambieni wainyooshe iwe kama mstari wa rula. Hawataweza, hata wakiwa wanaume wawili wa bandarini. Kamba ikiinama digrii 30 kila upande, kila upande unabeba kilo 20 zile zile. Ikiinama digrii 10 tu, kila upande unabeba zaidi ya kilo 57. Ndiyo maana kamba ya kuanikia nguo iliyovutwa sana inangʼoa msumari kwa kikwembe kimoja kilicholowa. Kamba iliyobana sana kwenye mkanda inajipasua yenyewe na mishono pamoja. Tulichora mchangani, binti akakubali ngumi ya fundi. Tangu kurudi tumelifanya somo hili la bidoni darasani, na wanafunzi wa nyuma ambao hawanyooshi mkono kamwe ndio waliogombea kushika ncha.

Mama wa mwani alibaki na swali moja: akitaka kujitoa, anajitoaje? Ni swali zito kuliko yote. Kwa kulabu, mtu anaweza kukichomoa kitanzi kwa mkono. Kwa kamba hawezi, kitanzi kimefungwa humo. Njia ni kifyatuo tu: kipande cha rangi nyekundu juu ya kitanzi, unakisukuma mbali na mwili, kitanzi kinafunguka, tiara inabaki imeshikwa na uzi mmoja wa usalama na inakufa nguvu. Kwa hiyo yeyote anayeweka kamba analazimika kukijaribu kifyatuo ufukweni kabla ya kila kuingia majini, maana mchanga na chumvi vinakikwamisha. Uzi wa usalama unafungwa mahali pengine kwenye mkanda, si kwenye ile kamba, ili kamba ikikatika mtu asipoteze vyote viwili. Na mwenye kujifunza abaki na kulabu. Kamba ni ya mtu ambaye mkono wake unajua kifyatuo kilipo hata gizani. Binti alifyatua mara kumi mbele ya mama yake, mara tano akiwa amefumba macho. Mama alihesabu kwa sauti.

Siku iliyofuata alikwenda majini. Tulisimama ufukweni tukiwa tumeshika vikwembe vyetu kwa mikono miwili kwa sababu ya kusi. Alikwenda hadi karibu na mwamba, akageuka, akarudi, na hata sisi tusiojua kitu tuliona kiuno chake kinageuka wakati mkanda umekaa. Alipotoka alisema neno moja: “Unapumua.” Baada ya siku nne zile alama za kijani zilikuwa zimegeuka manjano.

Tungeweza kuishia hapo, ikawa hadithi nzuri. Lakini siku ya tisa mama yake alichukua mkanda uliokuwa umeanikwa, akapitisha kamba kati ya vidole viwili, taratibu, kama anavyopitisha kamba zake za mwani kila bamvua akitafuta zilizoliwa. Upande wa kushoto, pale kamba inapoingia kwenye tundu la chuma, vidole vilisimama. Palikuwa na manyoya, nyuzi ndogo zilizochomoza kama nywele za mtoto. Kwa macho hukuzipata haraka. Tundu hilo lilikuwa na ukingo mkali kidogo, na kila safari lilikuwa limenyoa kamba. Nyuzi nyingi bado zilikuwa nzima. Siku ile isingekatika. Siku gani ingekatika, hakuna anayejua, na mahali ambapo ingekatika ni mbali na ufuko.

Fundi hakubisha. Alipiga tupa matundu yote mawili hadi kipande cha nailoni kikapita bila kukwama, akaweka kamba mpya na kipande cha mrija laini pale inapopinda. Ile ya zamani mama aliiomba. Ameifunga kwenye mashua ya jirani, kazi isiyo na hatari. Tangu siku hiyo wamepatana hivi: binti anajaribu kifyatuo, mama anapapasa kamba, na kamba inabadilishwa ikionyesha manyoya hata kama jana ilikuwa mpya. Bei yake ni ndogo. Tuliona kwamba mama hajabadili mawazo yake juu ya kamba na chuma. Amepata tu mahali pa kuweka vidole vyake.

Tulirudi nyumbani na mwani kidogo wa sabuni na mchanga mwingi ndani ya viatu. Mama mshonaji alirudi na jambo jingine kichwani. Kwa mikanda ya viti vya magari mabovu, ile migumu ya poliesta, ameshona mkanda mpana wa kiunoni kwa ajili ya mama mmoja mbebaji anayeteremka na makala kutoka milimani. Kamba ya paji la uso inabaki, lakini kitako cha kikapu kinakaa juu ya mkanda na kushikwa na kamba inayoteleza, ili sehemu ya mzigo ishuke kutoka shingoni ije kwenye nyonga. Mbebaji amejaribu majuma mawili. Anasema kwenye kupanda na tambarare shingo imepata nafuu. Kwenye mteremko kikapu kinacheza kushoto na kulia na kinamsukuma, hapendi hata kidogo. Kuteleza kunakofaa majini si lazima kufae kwenye matope. Alhamisi iliyopita mama mshonaji alifungua mishono yote, na sasa anajaribu kamba fupi zaidi yenye vizuizi viwili pembeni.

Anayetaka kuuona au kuujaribu mkanda huo aje Jumamosi baada ya mkutano. Aje na kikapu chenye mzigo wake wa kila siku, maana kikapu kitupu hakionyeshi kitu.